"Muswada umesomwa mara ya tatu": Je, ni nani aliyeusoma?

Ukifuatilia kikao cha Bunge mjini Dodoma, Nairobi au London, kuna neno moja utakalolisikia kila muswada wa sheria unapofikishwa mezani. Utaambiwa kwamba muswada huo unasomwa kwa mara ya kwanza. Siku nyingine utaambiwa kuwa unasomwa kwa mara ya pili. Na mwisho, baada ya wanaoafiki kusema "ndiyo" na wasioafiki kusema "siyo", taarifa rasmi ya Bunge itaandika kwamba muswada umesomwa mara ya tatu na kupitishwa.

Lakini anayesikiliza kwa makini atagundua kwamba hakuna kilichosomwa. Katibu husimama, hutaja jina la muswada, kisha huketi. Jina hilo ndilo pekee lililotamkwa kwa sauti. Kurasa nyingine zote, ziwe 10 au 1,000, zimeachwa baina ya kila mbunge na dhamiri yake.

Makala yetu ya leo inafuatilia safari ya neno hilo "kusomwa": lilikotoka, lilivyopoteza maana yake, na yaliyowapata wananchi wa mataifa mbalimbali pale wawakilishi wao walipopigia kura karatasi wasizozijua.

Enzi ya karani na ngozi

Asili ya desturi hii ni Uingereza. Katika karne ya 16, enzi ya wafalme wa ukoo wa Tudor, muswada uliofikishwa katika Baraza la Makabwela, yaani baraza la chini la Bunge la Uingereza, ulikuwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Mitambo ya kuchapa vitabu ilikwishafika London, lakini haikuwa desturi kuchapa miswada na kumgawia kila mjumbe. Njia ya pekee ya mjumbe wa kawaida kujua muswada unasema nini ilikuwa kukaa kimya na kusikiliza.

Kwa hiyo karani alisimama na kusoma, neno kwa neno, tangu mwanzo hadi mwisho. Spika naye alikuwa na muhtasari wa muswada, na akautumia kuwaeleza wajumbe kiini cha kile walichokisikia. Baada ya kusomwa mara ya pili, muswada ulijadiliwa na mara nyingi ulikabidhiwa kwa kamati. Kisha ulinakiliwa kwa hati safi juu ya ngozi, na ile ngozi ndiyo iliyosomwa mara ya tatu, ili kila mmoja ahakikishe kwamba kilichoandikwa ndicho kilichokubaliwa.

Kumbukumbu za baraza hilo, ambazo zinaanzia mwaka 1547, zinaonyesha kwamba hapo mwanzo idadi ya kusomwa haikuwa imekazwa. Iko miswada iliyosomwa mara nne na zaidi. Kufikia mwisho wa karne hiyo, mara tatu ikawa ndiyo kanuni. Haikuwa sherehe. Ilikuwa kinga dhidi ya udanganyifu, kwani mtu angeweza kuchomeka sentensi moja katika karatasi isiyoonekana na wengine, na sentensi hiyo ikageuka kuwa sheria ya nchi.

Baadaye hali ikabadilika. Katika karne ya 18 ikawa desturi kuchapa miswada inayohusu umma na kuwapa wabunge nakala. Ikadhaniwa kwamba, kwa kuwa kila mbunge sasa anayo karatasi yake, hakuna haja ya kumchosha karani. Kidogo kidogo sauti ya karani ikapungua hadi ikabaki jina la muswada peke yake. Neno "kusomwa" halikufutwa, ila jukumu lilihama kutoka kwa baraza zima, lililokuwa likisikiliza pamoja, likaenda kwa mtu mmoja mmoja chumbani mwake, ambako hakuna anayemwona kama amefungua karatasi au hakuifungua.

Desturi hiyo ndiyo iliyosafirishwa na wakoloni hadi Afrika Mashariki. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907, na la Tanganyika mwaka 1926. Miswada ya huko nayo ikawa "inasomwa" mara tatu, kwa Kiingereza, katika nchi ambazo wengi wa waliotawaliwa na sheria hizo hawakuwa na mjumbe wala hawakuijua lugha hiyo.

Marekani nayo, ilipojitenga na mfalme, haikujitenga na kanuni za Bunge lake. Hadi leo seneta mmoja anaweza kudai muswada usomwe wote kwa sauti, na kwa kawaida hali hiyo huepukwa kwa maseneta wote kukubaliana kwamba usomaji uachwe. Mwezi Machi mwaka 2021 seneta Ron Johnson wa jimbo la Wisconsin alikataa kukubali. Makarani wakalazimika kupokezana kusoma kurasa 628 za muswada wa fedha za kukabiliana na athari za ugonjwa wa Corona. Walianza mchana wa siku ya Alhamisi na kumaliza baada ya saa nane usiku, takriban saa 11 kwa jumla. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Nia ya seneta huyo, kama wapinzani wake walivyosema bila kuficha, ilikuwa kuchelewesha kura. Silaha iliyotengenezwa karne ya 16 ili watu waelewe sheria imegeuka kuwa mbinu ya kuwachosha makarani.

Siku 45

Hata hivyo, mfano unaotajwa zaidi nchini Marekani ni wa miaka 20 kabla ya hapo, na kwa sisi tutokao Afrika Mashariki unatugusa kwa namna yake. Tulikwishaonja mapema. Mnamo tarehe 7 Agosti mwaka 1998 mabomu yaliyoripuliwa kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu 224, wengi wao Waafrika. Mashambulio ya tarehe 11 Septemba mwaka 2001 mjini New York na Washington yalipotokea, watu wa kwetu hawakuhitaji kuelezwa hofu ni kitu gani.

Katika siku chache tu baada ya mashambulio hayo, mwanasheria mkuu wa Marekani wa wakati huo, John Ashcroft, alipeleka kwenye Congress mapendekezo ya sheria ya kuvipa vyombo vya usalama uwezo mpya wa kupeleleza, na akataka yapitishwe upesi. Kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi haikukubali kuburuzwa. Chini ya mwenyekiti wake, James Sensenbrenner wa chama cha Republican, iliyapitia mapendekezo hayo, ikayapunguza makali na ikaweka ukomo wa muda kwa baadhi ya vifungu. Tarehe 3 Oktoba kamati hiyo, ambayo kwa kawaida ilikuwa uwanja wa malumbano makali baina ya vyama viwili, iliupitisha muswada kwa kura 36 bila ya hata mmoja kupinga. Wajumbe hao waliusoma, wakaujadili na kuusahihisha.

Kilichofuata ndicho kinachosikitisha. Tarehe 12 Oktoba, siku ya kura katika baraza zima, uongozi uliuweka kando muswada wa kamati na kuleta mwingine uliofanana zaidi na ule uliopitishwa na Seneti usiku wa kuamkia siku hiyo. Wabunge walilalamika ukumbini kwamba nakala zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye mashine. Walipiga kura hivyo hivyo, 337 dhidi ya 79.

Siku chache baadaye barua zenye vimelea vya kimeta zilifikishwa katika jengo la Congress. Barua iliyofunguliwa tarehe 15 Oktoba katika ofisi ya Tom Daschle, kiongozi wa walio wengi katika Seneti, ilisababisha ofisi za wabunge na maseneta kufungwa. Watu walikatwa mafaili yao, kompyuta zao na hata wasaidizi wao. Ni katika wiki iliyofuata ndipo muswada wa mwisho, unaotajwa kuwa na kurasa 342, uliwasilishwa tarehe 23 Oktoba. Katika Baraza la Wawakilishi ulipitishwa kwa utaratibu wa haraka usioruhusu marekebisho, na mjadala wake ukawekewa ukomo wa dakika 40. Tarehe 24 ukapata kura 357 dhidi ya 66. Tarehe 25 Seneti ikaupitisha kwa kura 98 dhidi ya 1. Tarehe 26 Rais George W. Bush akatia saini. Tangu siku ya mashambulio zilikuwa zimepita siku 45.

Kura hiyo moja ya kupinga ilikuwa ya seneta Russ Feingold wa chama cha Democratic, naye pia akitoka Wisconsin. Seneta huyo alikuwa amewasilisha mapendekezo ya kurekebisha vifungu alivyoona vinakwenda mbali mno, kikiwemo kile cha 215 kuhusu kumbukumbu za watu zilizo mikononi mwa makampuni na taasisi. Daschle, kiongozi wa chama chake mwenyewe, aliwataka wenzake wayakatae mapendekezo hayo ili makubaliano yaliyofikiwa yasivurugike. Yakakataliwa moja baada ya jingine.

Ni rahisi kuwacheka wale 98, lakini hebu tuutazame muswada wenyewe ulivyoandikwa. Sehemu kubwa yake haikuwa sentensi zinazojieleza. Ilikuwa maelekezo ya kubadilisha sheria nyingine: futa neno hili katika aya fulani ya sheria fulani, badala yake ingiza maneno haya. Anayesoma maelekezo ya aina hiyo bila ya kuwa na zile sheria za zamani mbele yake ni kama fundi cherehani aliyepewa viraka bila ya nguo. Atajua viraka ni vingapi na vina rangi gani. Nguo itakavyokuwa hawezi kuijua. Kwa hiyo kusoma kwa maana ya kupitisha macho kusingesaidia sana. Kilichohitajika ni muda wa kulinganisha, na muda ndio uliokuwa umechukuliwa.

Mwaka 2013 Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi za shirika la usalama wa taifa la Marekani, alifichua kwamba kifungu cha 215 kilikuwa kikitumika kukusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu, yaani nani kampigia nani, lini na kwa muda gani. Aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kupaza sauti alikuwa Sensenbrenner, mtu anayehesabiwa kuwa mtunzi wa sheria hiyo. Alisema Congress haikukusudia jambo kama hilo, na akapeleka maelezo yake mahakamani kuunga mkono walioshtaki. Mwezi Mei mwaka 2015 mahakama ya rufaa mjini New York ilikubali kwamba maneno ya kifungu hicho hayakuruhusu ukusanyaji wa namna hiyo.

Hapo kuna jambo gumu zaidi. Maneno ya kifungu cha 215 yalirekebishwa mwaka 2006, na serikali ikapata kwa siri, mbele ya mahakama isiyo wazi kwa umma, tafsiri yake ya maneno hayo. Mwaka 2011, kifungu hicho kilipokuwa kikiongezewa muda, serikali iliandaa waraka wa kuwaeleza wabunge jinsi kinavyotumika. Ilikuja kubainika kwamba kamati ya ujasusi ya Baraza la Wawakilishi haikuwafikishia wajumbe wote waraka huo kabla ya kura. Mbunge angeweza kuusoma muswada mara 10, kwa kamusi na taa, na bado asijue anapigia kura kitu gani.

Wapo pia wanaosoma na kuokoa jahazi. Mwezi Novemba mwaka 2004, katika muswada wa matumizi ya serikali ya Marekani wenye kurasa zaidi ya 3,000 na thamani ya dola bilioni 388, msaidizi mmoja katika Seneti alikuta kifungu kilichowaruhusu wenyeviti wa kamati za matumizi na watu wao kuona mahesabu ya kodi ya raia yeyote. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limekwishaupitisha muswada huo bila ya kukiona. Seneti ikagoma mpaka kiondolewe.

Muswada kwa lugha ya nani?

Kwetu sisi kuna tatizo ambalo Marekani hawalijui, nalo ni lugha.

Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike katika Bunge la Kenya. Wabunge wakaanza kuzungumza Kiswahili, lakini miswada ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Tanzania hali ilikuwa hivyo kwa muda mrefu zaidi: mjadala kwa Kiswahili, maandishi ya sheria kwa Kiingereza. Sisi ambao kazi yetu ya kila siku ni kuigeuza habari ya Kiingereza iwe ya Kiswahili tunajua kwamba neno moja la kisheria, kama lile linalotofautisha "lazima" na "anaweza", linaweza kumkalisha mtafsiri nusu saa. Mbunge aliyesimama kuchangia kwa dakika chache hakuwa na nusu saa hiyo.

Mambo yalifikia kilele mwaka 2011. Rais wa Tanzania wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alikuwa ametangaza katika salamu zake za mwaka mpya kwamba nchi itaandika katiba mpya. Mwezi Aprili serikali ikapeleka bungeni muswada wa kuweka utaratibu wa kazi hiyo. Ulipelekwa chini ya hati ya dharura, na ulikuwa kwa Kiingereza peke yake. Fikiria, msikilizaji: muswada wa kuwauliza Watanzania wanataka katiba ya namna gani, katika lugha ambayo wengi wao hawaisomi, na kwa haraka.

Wananchi walipoitwa kutoa maoni, mjini Dodoma, Dar es Salaam na Zanzibar, waliukataa. Mikutano iligeuka kuwa ya zogo, na huko Zanzibar hasira ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa wengi waliona suala la Muungano limeamuliwa juu ya vichwa vyao. Serikali ilisalimu amri. Hati ya dharura ikaondolewa, na muswada ukarudi kuandikwa upya na kutafsiriwa kwa Kiswahili.

Uliporejeshwa mwezi Novemba mwaka huo, ubishi ulikuwa juu ya lile neno tunalolizungumzia. Kambi ya upinzani, ikisemewa na Tundu Lissu, ilidai kwamba muswada huu ni mpya kwa jinsi ulivyobadilishwa, na kwa hiyo unapaswa kusomwa kwa mara ya kwanza, urudi kwa wananchi wausome ndipo warejee wabunge. Serikali ikashikilia kwamba ni ule ule, uliokwishasomwa mwezi Aprili, na sasa ni zamu ya mara ya pili. Kiti cha Spika kikakubaliana na serikali. Wabunge wa CHADEMA wakatoka nje ya ukumbi, na muswada ukapitishwa bila wao.

Wapo walioona kuwa huo ni ugomvi wa taratibu tu, wa mara ya kwanza au ya pili, kama watoto wanaogombania namba kwenye foleni. Mimi sidhani. Baina ya mara ya kwanza na ya pili ndipo mlipo na muda wa kusoma. Anayeruka mara ya kwanza anaruka siku za kuuweka muswada mikononi mwa watu. Na matokeo yake yalionekana mapema: Rais Kikwete aliitia saini sheria hiyo mwishoni mwa Novemba, baada ya kukutana na viongozi wa CHADEMA Ikulu, na mwezi Februari mwaka 2012 Bunge likalazimika kuirekebisha.

Hati ya dharura haikuzikwa na tukio hilo. Mwaka 2017, katika utawala wa Rais John Magufuli, sheria kubwa zinazohusu madini na maliasili zilifikishwa bungeni mwishoni mwa mwezi Juni na kupitishwa mwanzoni mwa Julai, chini ya wiki moja. Wengi waliziunga mkono kwa madhumuni yake, na huenda madhumuni hayo yalikuwa mema. Lakini mikataba ya madini iliyolalamikiwa nayo ilitokana na sheria za haraka na usiri wa miaka iliyotangulia. Kuhusu lugha, mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Ilikuwa imepita karibu miaka 60 tangu uhuru wa Tanganyika.

Wananchi wanapotangulia kusoma

Nchini Kenya, mwezi Desemba mwaka 2014, baada ya mauaji ya wasafiri na wachimba mawe katika kaunti ya Mandera, serikali ilipeleka bungeni muswada mmoja wa kubadilisha sheria nyingi za usalama kwa mpigo. Tarehe 18 mwezi huo ukumbi uligeuka uwanja wa ngumi. Karatasi zilichanwa, Naibu Spika Joyce Laboso akamwagiwa maji, na vifungu vikapitishwa katikati ya kelele. Kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akatia saini. Mwezi Februari mwaka 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane kwa kuwa vinakiuka katiba. Kazi ambayo wabunge wangeweza kuifanya kwa kusoma kwa utulivu ilifanywa na majaji watano.

Miaka 10 baadaye mambo yakaenda kinyume. Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulisomwa na wananchi kabla ya wengi bungeni kuonekana kuujali. Vijana waliugawa kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa Kiswahili, Sheng na lugha za makabila, katika video za dakika moja na mijadala ya usiku kucha kwenye mitandao. Mtu aliyekuwa akiuza mboga alijua kwamba mkate umependekezwa kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na mwenye gari alijua kuhusu ile asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake. Wabunge walipigiwa simu na kuulizwa kifungu hiki unakielewaje. Baadhi ya mapendekezo, likiwemo la mkate, yaliondolewa tarehe 18 Juni.

Tarehe 25 Juni muswada ukasomwa mara ya tatu na kupitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106. Muda mfupi baadaye waandamanaji waliingia ndani ya majengo ya Bunge, na polisi wakafyatua risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa tangu maandamano yaanze.

Sisemi kwamba watu hao walikufa kwa sababu mbunge fulani hakufungua karatasi. Mizizi ya hasira ile ilikuwa mirefu, na risasi zilifyatuliwa na binadamu, si na muswada. Lakini mwananchi aliyesoma anapomkuta mwakilishi wake hana la kumjibu, hapo kuna kitu kimekatika baina yao, na hakirudishwi kwa hotuba.

Mlinzi wa saa

Katika visa vyote hivi nimeona kwamba mbunge mvivu yupo, lakini si yeye mwenye nguvu. Mwenye nguvu ni anayepanga ratiba: kiongozi anayebadilisha muswada usiku, serikali inayoandika hati ya dharura, Spika anayeamua kwamba mara ya kwanza imekwishapita. Je, kuna anayeweza kumzuia huyo?

Ujerumani ilipata jibu moja mwaka 2023. Huko nako miswada husomwa mara tatu. Serikali ya vyama vitatu ya Kansela Olaf Scholz ilikuwa imegombana kwa miezi kadhaa juu ya sheria ya mitambo ya kupasha joto majumbani, jambo linalomgusa kila mwenye nyumba na mpangaji katika nchi yenye baridi kali. Walipopatana, wiki ya mwisho kabla ya likizo ilikuwa imekaribia. Marekebisho yenye makumi ya kurasa yalifika bungeni siku ya Ijumaa tarehe 30 Juni. Wataalamu wakahojiwa Jumatatu, na kura ikapangwa kupigwa Ijumaa hiyo hiyo iliyofuata.

Mbunge wa upinzani kutoka Berlin, Thomas Heilmann wa chama cha CDU, alikwenda katika Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe. Hakudai kwamba sheria ni mbaya. Alidai kwamba yeye, kama mbunge, amenyimwa muda wa kuielewa. Jioni ya tarehe 5 Julai majaji watano dhidi ya wawili waliamuru kura isipigwe katika wiki hiyo. Walieleza kwamba haki ya mbunge haiishii kwenye kupiga kura, bali inajumuisha kupata taarifa na kuweza kuzifanyia kazi.

Wanasiasa wa serikali walikasirika, na wengine walionya kwamba sasa kila muswada utapelekwa mahakamani. Bunge likaenda likizo. Lilirejea Septemba, na tarehe 8 mwezi huo muswada ukasomwa kwa mara ya pili na ya tatu, ukapita ukiwa na maandishi yale yale ya Julai. Safari hii wabunge walikuwa wamekaa nao kwa wiki 10.